Mwezi Ngapi Leo?

 Wengi mmetaka tushuke pwani kuzungumzia picha, na leo tunashuka. Vijana wetu wa Masukulu, Rungwe, wanakwenda Dar es Salaam kusoma na kutafuta maisha, wengine Tanga, wengine Unguja kufanya kazi za hoteli, na kitu cha kwanza wanachotuma kwenye kundi la familia ni picha ya bahari wakati wa magharibi. Zinafika kila siku. Maji chini, anga juu, jua katikati, nalo limekolezwa rangi mpaka limefanana na kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mama anajibu "Mungu ni mwema", shangazi anaweka ua, na habari ya picha ile imekwisha.

Mimi nataka tuzungumzie picha ambayo mtu ataitazama tena mwakani. Na tuanze na jambo linalomchanganya kila mtu wa milimani anapofika pwani mara ya kwanza: kwa sehemu kubwa ya Tanzania Bara, jua halizami baharini. Sisi Masukulu tumezoea kuliona likishuka nyuma ya vilima vya Bundali, kama ukungu umeturuhusu. Mtu akifika Coco Beach ya Dar es Salaam Jumapili jioni anajipanga vizuri mbele ya maji, simu mkononi, anasubiri. Atasubiri sana. Bahari ya Hindi iko mashariki yetu. Jua hutoka majini asubuhi, na jioni linazama nyuma ya nyumba za Oysterbay, mgongoni mwake. Bagamoyo ni hivyohivyo, na Lamu kule Kenya, ambako mji umekikabili kisiwa cha Manda na jua linapotelea nyuma ya mapaa.

Anayetaka jua liguse maji lazima atafute mahali ambapo pwani imegeuka. Mji Mkongwe wa Unguja umegeukia magharibi, ndiyo maana Forodhani hujaa watu ikifika saa kumi na mbili. Pale Dar es Salaam, panda pantoni uvuke Kigamboni, kisha geuka utazame ulikotoka: mji wote uko magharibi yako na mlango wa bandari uko katikati. Mwezi wa Juni jua linashukia upande wa maghorofa ya Posta. Ikifika Desemba limehamia kusini, upande wa makreni ya bandari. Mombasa, bandari ya kale chini ya Ngome ya Yesu ni ya asubuhi. Magharibi ni ya Kilindini, na aliye kwenye feri ya Likoni analiona jua likishukia huko ndani. Na pana Pangani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote na haina watu. Mji uko kwenye mdomo wa mto, mto unatoka bara, na jua linazama kule juu mtoni. Jahazi likiingia jioni kwa maji yanayojaa, linaingia kuelekea kwenye mwanga.

Hapo nimetaja maji yanayojaa, na huko ndiko nilikokuwa nataka kuwapeleka.

Kijana mmoja wa kwetu, mwenye kamera nzuri kuliko yangu, alimfuata nahodha Bagamoyo akitaka kumpiga picha na chombo chake jioni. Akamwamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwezi ngapi?"

"Tarehe kumi na mbili, mzee."

"Hiyo ya kwenye simu. Nakuuliza mwezi."

Kijana akanyamaza, mzee akaangalia mchanga na kumwambia arudi baada ya siku saba. Siku ile chombo kilikuwa kinakwenda kukaa kwenye tope, hakuna cha kupiga. Mzee hakuwa na programu yoyote kwenye simu. Alikuwa na hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo mvuvi wa pwani anaishi nayo kama sisi tunavyoishi na kalenda ya kuchuma chai.

Hesabu yenyewe ni hii. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila mzunguko wa mchana na usiku, na kila siku inachelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, nguvu ya mwezi na ya jua zinavuta kwa pamoja na tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Dar es Salaam na Zanzibar tofauti ya juu na chini siku hizo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti inashuka ikawa mita moja hivi. Kwa ulinganisho, bahari ya Mediterania sehemu nyingi haifikishi hata nusu mita, na ndiyo maana mtu aliyejifunza kupiga bahari kwa kutazama picha za Ugiriki au Italia anafika Paje, Unguja, na kukuta bahari imeondoka.

Sasa sikiliza vizuri, maana jambo hili sijawahi kulikuta kwenye mafunzo yoyote ya picha, nalo limewafungisha safari bure watu wengi. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hufika kilele yapata saa kumi, alfajiri na alasiri. Maana yake yanafika chini kabisa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Haibadiliki sana, kwa sababu bamvua na saa yake vinafungwa na mwezi uleule. Basi ile pwani tupu kabisa, mchanga na miamba ukitembea hadi uchoke, akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wakiwa wadogo kule mbali, ni picha ya asubuhi. Magharibi haipo. Haitakuwepo mwezi huu wala mwaka kesho. Wanaokuja na ndoto ya jua likizama juu ya bahari iliyokauka wamekuja kutafuta kitu ambacho mwezi hauruhusu huku kwetu.

Kuna nini basi wakati wa magharibi? Kuna mambo matatu, na kila moja lina siku zake za mwezi mwandamo.

Siku ya bamvua yenyewe, mwezi mosi au mwezi kumi na tano, jua linapozama maji yamekuwa yakiondoka kwa saa mbili na zaidi. Yanakwenda kwa kasi. Mchanga unaachwa umelowa, na mchanga uliolowa unashika rangi ya anga kuliko maji yenyewe, maana hauna mawimbi. Unapata vijito vidogo vinavyorudi baharini, unapata mistari. Hizi ndizo jioni ninazozipenda.

Tarehe nne au tano, na tena kumi na nane au kumi na tisa, maji yanakuwa yamejaa hasa jua likizama. Hapo nenda bandarini. Vyombo vimeinuka, vinakaribiana na ukuta, milingoti iko juu machoni pako. Forodhani wale vijana wanaopiga mbizi kutoka ukutani wanataka kina, kwa hiyo wanafuata maji yaliyojaa, na ukiwafuata wao umefuata saa sahihi bila kufungua jedwali.

Tarehe kumi au kumi na moja, na ishirini na tano au ishirini na sita, maji yako chini magharibi, lakini ni maji mafu: yamesogea kidogo tu na yametulia. Upepo ukilala, bandari nzima inaonekana mara mbili, juu na chini. Ni picha rahisi, na mimi nasema ni rahisi mno, lakini anayejifunza aanzie hapo.

Na siku za kati, tarehe sita hadi tisa, au ishirini hadi ishirini na nne, maji yanakuja wakati wewe unapiga. Uko kwenye mwamba, jicho liko kwenye kioo cha simu, na bahari haijai kutoka mbele peke yake. Inaanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako. Mtu wa Jambiani anajua mkondo uko wapi. Wewe wa Masukulu hujui. Ukiona wenyeji wanarudi, rudi.

Majedwali ya kujaa na kupwa yapo kwa bandari zetu kubwa, na kwenye simu yapo bure. Lakini ukishajua tarehe ya mwezi umeshajua mengi, na mwezi uko juu hata Masukulu.

Nirudi Bagamoyo kidogo, maana tumesema maji na jua lakini bandari ni watu na vyombo. Pale ufukweni karibu na forodha ya zamani vyombo vinakaa juu ya mchanga maji yakiondoka, vimeegemezwa kwa magadi visilale ubavu. Huo ndio muda wa fundi. Utamkuta amechuchumaa chini ya tumbo la chombo, mkono mmoja una patasi butu, mwingine una nyundo ya mti, anakalafati: anasokota pamba iliyochovywa mafuta, anaiingiza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anagonga, anasogea kiganja kimoja, anagonga tena. Jua likiwa chini linaingia mlalo mpaka chini ya chombo, mahali ambapo mchana kutwa pana giza. Linaonyesha kila msumari na kila kiraka. Mwanga huo unakaa pale kwa muda mfupi mno, na uko mgongoni mwa bahari, upande ambao hakuna anayeuangalia kwa sababu wote wameelekea majini wakisubiri rangi. Hapo ndipo pa kusimama, jua likiwa nyuma yako, ukipiga kile linachokiangaza.

Muombe ruhusa fundi kabla hujainua kamera. Si adabu tu. Anafanya kazi na maji yanarudi, hana muda wa kukuuliza wewe ni nani. Na bandari kubwa zenye meli na makontena ni maeneo ya ulinzi, kibali kinatakiwa. Pale Kivukoni Ikulu iko jirani. Piga kutoka ng'ambo, piga kwa mbali, na askari akikwambia shusha, shusha.

Sasa mambo ya mkono. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linashuka karibu wima. Kule Ulaya wakati wa kiangazi jioni inajivuta muda mrefu. Hapa, tangu jua liguse upeo mpaka giza la kuhitaji tochi, ni dakika ishirini na kitu. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasorobo, kutegemea msimu. Kwa hiyo usihamehame. Chagua mahali saa kumi na moja, weka miguu, kaa hapo. Na likishazama usifunge begi. Mawingu ya juu yanaendelea kupata mwanga kutoka chini kwa dakika kumi, kumi na tano, na mara nyingi rangi nzuri inakuja baada ya watu kuondoka kwenda kula mishikaki.

Kwa simu: itaona giza la vyombo na kuamua kuongeza mwanga, na anga litafifia. Gusa kioo pale penye mwanga, kisha shusha mwangaza kwa kidole mpaka rangi irudi. Vyombo vitakuwa vyeusi, viache viwe vyeusi. Mlingoti, tanga, foromali iliyolala, mrengu wa ngalawa, vyote vinasomeka vizuri vikiwa vyeusi. Futa lenzi. Narudia, futa lenzi, maana wakati wa kusi upepo unaleta chumvi na picha inakuwa na ukungu, kisha mtu anailaumu simu. Tumia kitambaa kikavu kilicho safi, si kona ya kanga iliyolowa maji ya bahari. Na nyosha upeo. Mlima ukipinda kwenye picha hakuna atakayejua. Bahari ikipinda inaonekana inamwagika.

Mwenye kamera yenye stendi aache shata iwe wazi sekunde moja au mbili wakati wimbi linarudi. Zaidi ya hapo maji yanageuka moshi na siupendi sana moshi huo, ingawa wateja wa hoteli wanaupenda na wanalipa.

Kuhusu rangi nina neno moja gumu. Picha yako ukimaliza, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, uitazame. Kama hakuna kilichobaki, ulikuwa umepiga rangi tu. Waliopiga bandari ya Zanzibar kabla yetu hawakuwa na rangi ya kujifichia. Studio ya A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua kazi Unguja katika karne ya 19, iliuza kadi za bandari ile kwa wasafiri. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake nyingi za mji ule tunazozijua ni za nyeusi na nyeupe. Walichokuwa nacho ni umbo na kivuli: jahazi limekaa wapi, maji yamefika ngazi ya ngapi, nani amebeba nini kichwani. Ndiyo maana picha za namna hiyo zinatumika hadi leo kuujua mji ulivyokuwa. Beit al-Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 linaloitazama bahari pale Forodhani, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020; mtu aliyewahi kulipiga lote, na saa yake na nguzo zake, akalipanga vizuri nyuma ya vyombo, ana kitu mkononi. Aliyepiga jua peke yake ana jua, na jua bado lipo.

Nicheke kidogo hapa. Miaka ya 1990 pale Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kibanda waliweka pazia zilizochorwa meli na ndege, na wateja walisimama mbele ya meli ya rangi wakati feri ya kweli inapita hatua chache nyuma ya kibanda. Watu wa pwani wenyewe hawakuihitaji bahari kwenye picha, walikuwa nayo kila siku. Walitaka safari. Sisi tunaotoka Rungwe ndio tunaoihitaji bahari, na ndiyo sababu tunaijaza kwenye picha mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine.

Lipo jambo moja ambalo pwani ya Bara inalo na Forodhani haina, nami nawaomba wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Kilwa walijaribu. Siku mwezi unapokuwa mpevu, unachomoza karibu saa ileile jua linapozama, nao unachomoza baharini, mbele yako. Kumbuka hesabu yetu: ni bamvua, maji yanaondoka, mchanga umelowa. Nyuma jua linamalizia kuangaza vyombo, mbele mwezi unatoka majini na njia yake inaanza kuonekana kwenye mchanga. Coco Beach ileile ya yule aliyesubiri jua lisilokuja. Siku moja kabla ya mpevu ni bora zaidi, kwa sababu mwezi unatangulia kidogo na anga bado lina mwanga wa kutosha kuonyesha na watu.

Wapo wanaoniuliza, na sisi tusio na nauli ya pwani? Tuna Matema, jamani, na kutoka Masukulu ni kushuka tu. Lakini usiipige Matema kama bahari. Ziwa Nyasa halina bamvua wala maji mafu ya kuonekana kwa jicho; linapanda na kushuka kwa mvua, kama mita moja hivi kati ya mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, na mawimbi yake ni ya upepo. Hutauliza mwezi ngapi, utauliza mwezi wa ngapi. Ukienda Novemba kuna ufukwe mpana. Ukienda Mei maji yameusogelea mstari wa miti.

Na jua linazama upande wa Kyela na Malawi, ng'ambo ya tambarare. Fanya kama kwa yule fundi wa Bagamoyo, lipe mgongo. Milima ya Livingstone imesimama moja kwa moja kutoka ziwani, mashariki, na mwanga wa mwisho unaipanda kutoka chini kwenda juu mpaka ubaki kwenye vilele tu. Chini yake mitumbwi ya Wakisi kutoka Ikombe, imejaa vyungu vilivyopangwa kwa majani makavu visigongane, inaletwa sokoni Lyulilo. Mama anayeshusha vyungu muamkie kwanza, mnunulie kimoja, kisha omba picha. Chungu kile kitabeba mboga nyumbani kwako na picha utakuwa nayo.

Magari ya Matema yanapatikana Kyela mjini. Usisahau kwamba jua likishazama bado una robo saa ya mwanga, na robo saa hiyo ndiyo inayowafanya watu wakose gari la kurudi. Basi beba shuka, maana utalala Matema, na sijawahi kusikia mpiga picha akililalamikia hilo.